Cherehani ikikaa bila kazi huliwa na kutu

KATIKA nyumba nyingi za Pwani, cherehani hupumzishwa mama anapojifungua, au kazi ya kushona sare za shule inapopungua. Hufunikwa na kusukumwa pembeni. Siku inapohitajika tena, gurudumu halizunguki na kitambaa cheupe kinatoka na madoa ya kahawia. Mtaji wa familia umeliwa na kutu.

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji pamoja na oksijeni. Si lazima mashine inyeshewe. Unyevu wa hewani unatosha, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Kwa wanaoishi Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, chumvi inayoletwa na upepo wa bahari huharakisha uharibifu huo.

Kabla ya kuihifadhi

Kama ni ya umeme, chomoa waya kwanza. Toa sindano na bobini, kisha ondoa kwa brashi ndogo vumbi la nyuzi, kwani hushikilia unyevu kwenye chuma. Futa alama za vidole kwa kitambaa kikavu. Jasho nalo lina chumvi. Weka tone la mafuta ya cherehani katika kila tundu la mafuta, zungusha gurudumu kwa mkono, kisha paka mafuta kidogo kwenye chuma kilicho wazi.

Usitumie mafuta ya kupikia. Yakikaa hunata kama gundi. Mafuta ya taa huondoa uchafu, lakini hukauka na kuacha chuma bila kinga.

Ikae wapi?

Usiifunge kwenye mfuko wa nailoni, maana unyevu uliobaki ndani hukosa pa kutokea. Ifunike kwa kitambaa cha pamba, iwe juu ya meza, si sakafuni wala karibu na ukuta wenye unyevunyevu. Kila mwezi ifunue, izungushe na uikague.

Chunga watoto

Vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya husaidia ndani ya droo, lakini vinaweza kumkaba mtoto. Viweke mahali asipofika.

Mafuta yoyote yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, kwa sababu yakirudi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mpeleke hospitali mara moja.

Kutu ikishaanza

Kutu nyepesi hutoka kwa kupakwa mafuta ya cherehani, kuachwa usiku kucha na kusuguliwa kwa kitambaa kigumu. Sindano yenye kutu itupwe, kwani hukata uzi na kuchana kitambaa. Kabla ya kugusa sare ya mteja, shona kwanza kwenye kitambaa chakavu hadi mafuta yaliyozidi yaishe.