Ughali wa Maisha Chiola: Lipi la Halmashauri na Lipi Silo

Malalamiko juu ya ughali wa maisha hayajui bahari wala bara. Yanayosemwa barazani Unguja na Pemba ndiyo yanayosemwa pia Chiola, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi: kwamba sukari, mafuta ya taa, nauli na sare za watoto vimepanda, ilhali kinachoingia mfukoni kimebaki pale pale. Huko Chiola hoja hiyo huongezewa nyingine, nayo ni kwamba Halmashauri ya Wilaya huchukua mno na hurudisha kidogo. Hoja hizi mbili zimezoea kutamkwa kwa pumzi moja. Ni vyema zikatenganishwa, kwani mwananchi anayepeleka shauri lake kwenye mlango usiohusika hurudi nyumbani mikono mitupu, na mtumishi anayeulizwa jambo lisilo lake hujibu kwa ukali pasipo sababu.

Kwanza ifahamike nchi yenyewe. Wakazi wa huko, ambao wengi wao ni Wamwera, hutegemea korosho, ufuta na mbaazi kwa fedha, na muhogo, mahindi na mtama kwa chakula. Nachingwea ndiko kulikoanzishwa, mwaka 1947, sehemu moja ya mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, uliovunjika miaka michache baadaye. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi huo kutoka Mtwara iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo kila kiingiacho na kitokacho hupita barabarani. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, adha ya kusubiri kivuko ilikwisha. Hata hivyo mwezi Mei 2024, kufuatia mvua kubwa na Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, na magari mengi yakakwama kwa siku kadhaa. Bidhaa iliyokwama njiani hupanda bei kabla haijafika dukani, na duka la kijijini ndilo la mwisho kupokea.

Katika sura hii ya ughali Halmashauri haina kauli. Bei za juu za petroli, dizeli na mafuta ya taa hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), kwa kila wilaya, kwa kufuata bei ya soko la dunia, thamani ya shilingi, kodi, na gharama za kusafirisha kutoka bandarini. Bei ya dunia ilipopaa mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni mwaka huo ili kupunguza makali. Hakuna diwani aliyeipandisha bei ile wala aliyeishusha.

Barabara za vijijini nazo hutajwa sana katika mikutano. Hapa kuna mabadiliko ambayo hayajawafikia watu wote. Tangu mwaka 2017 barabara za wilaya na vijiji ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), si idara ya ujenzi ya Halmashauri kama ilivyokuwa zamani. Hali kadhalika kodi ya majengo, ambayo siku za nyuma ilikuwa pato la halmashauri, iliwahi kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na tangu mwaka 2021 hukatwa kwa njia ya umeme wa LUKU. Mpangaji anayenunua umeme hujikuta akilipa kodi ya nyumba isiyo yake. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba, na ni haki ya mpangaji kuihesabu katika pango. Kwa watumishi waliopanga, walimu na wauguzi hasa, jambo hili si dogo, na inafaa likaandikwa katika mkataba wa pango tangu siku ya kwanza.

Baada ya hayo ndipo ifikiwe sehemu inayoihusu Halmashauri kweli kweli, nayo ni ushuru wa mazao.

Kumbukumbu ya ushuru na kodi katika vijiji vya Kusini ni chungu, na haielekei kusahauliwa upesi. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 na kurejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, ambapo halmashauri zilianza kazi tena mwaka 1984. Pamoja nazo ikaja kodi ya maendeleo, iliyotozwa kila mtu mzima mwenye uwezo, awe amevuna au hakuvuna. Msako wa mgambo na madai ya stakabadhi njiani ni mambo ambayo wazee wa vijiji vingi wangali wakiyasimulia, na wako waliokuwa wakikimbilia porini siku za msako. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003 pamoja na ushuru kadhaa ulioitwa wa kero, na Serikali Kuu ikaahidi kufidia pengo kwa ruzuku. Pengo likawapo hata hivyo, kwani halmashauri yenye ruzuku pekee haiamui mengi. Kwa hiyo katika wilaya za korosho macho yote yakaelekezwa kwenye zao lile lile.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, iliruhusu ushuru wa mazao hadi asilimia 5 ya bei. Mwaka 2017 kiwango hicho kilipunguzwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mwaka huo huo ikaamuliwa kwamba mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe ushuru njiani. Mwananchi wa Chiola anayebeba magunia machache ya mahindi kwa ndugu yake Ruangwa, au wa Ruangwa anayebeba mbaazi kwenda Nachingwea mjini, hapaswi kusimamishwa kizuizini kwa sababu hiyo.

Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba ushuru wa mazao, kisheria, mlipaji wake ni mnunuzi na si mkulima. Lakini mnunuzi naye ni mfanyabiashara. Ajuapo kwamba atalipa asilimia 3, huipunguza katika bei anayoitaja mnadani. Kwa hiyo mkulima anaposema ushuru humwangukia yeye, hasemi uongo, ingawa jina lake halimo katika stakabadhi. Na ichukuliwe kwa mfano korosho iliyouzwa shilingi 3,000 kwa kilo. Ushuru wa asilimia 3 ni shilingi 90. Mwenye kilo 500 ushuru wa zao lake ni shilingi 45,000. Kwa kiwango cha zamani ungekuwa 75,000. Kwa kaya inayongoja fedha hiyo kwa mwaka mzima, tofauti hiyo ni sare za watoto wawili.

Hata hivyo ushuru wa Halmashauri ni mojawapo tu ya makato. Korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara msimu wa 2007/2008 chini ya sheria ya mwaka 2005. Mkulima hupeleka zao kwenye chama cha msingi, chama hupeleka ghala kuu, na mnada hufanyika kupitia chama kikuu, ambacho kwa wilaya hizi ni RUNALI, jina lililoundwa kwa herufi za mwanzo za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Njiani hukatwa fedha za chama cha msingi, za chama kikuu, za ghala na za usafirishaji. Juu ya hapo kuna tozo ya Serikali Kuu kwa korosho ghafi zinazouzwa nje, asilimia 15 ya thamani bandarini au dola 160 za Marekani kwa tani, kwa kutazama ipi ni kubwa. Hadi mwaka 2018 asilimia 65 ya tozo hiyo ilikuwa ikirudi kuendeleza zao lenyewe. Mwaka huo Bunge likapitisha iingie yote Mfuko Mkuu, baada ya mjadala mkali wa wabunge wa Kusini. Mkulima aliyekosa salfa ya kupulizia ubwiriunga hakujali sana fedha zilipita mlango gani, ila alijua kwamba dawa haikufika.

Yaliyotokea Liwale, jirani ya Nachingwea, mwezi Aprili 2013 yanaonyesha gharama ya kutoelezana. Wakulima walipolipwa malipo ya pili yaliyopungua sana kuliko walivyotarajia, ghasia zilizuka na nyumba zikachomwa moto. Bei ya dunia ilikuwa imeshuka, na hilo lilikuwa kweli. Lakini hesabu ya makato haikuwa imesomwa mbele ya wenye zao kwa namna waliyoielewa. Msimu wa 2018/2019 ukaleta jaribu jingine: wanunuzi walitoa bei za chini minadani, wakulima wakakataa kuuza, na tarehe 12 Novemba 2018 Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likasomba mzigo. Bei ilikuwa nzuri; uhakiki wa mashamba ukachukua muda, na kaya nyingi zikaingia mwaka 2019 zikiwa bado zinangoja. Halmashauri zenyewe pia zilitikisika, kwa kuwa mapato zilizoyaweka katika makisio yalitegemea mauzo hayo.

Uhakiki ule ulilenga kangomba, na hapa inafaa msomaji asimame kidogo. Kangomba ni ununuzi wa korosho kwa kipimo kisicho rasmi, bakuli au kopo, mara nyingi kabla ya mavuno, kwa bei ya kutupa. Msomaji wa Pemba anayekumbuka karafuu zikiuzwa mbichi mtini, au kupimwa kwa pishi lenye kitako kilichoinuliwa, ataielewa bila kufafanuliwa. Kangomba hupigwa vita kila msimu, na ni haki ipigwe vita. Lakini muuzaji wake haendi huko kwa ujinga. Fedha ya korosho huja kati ya Oktoba na Januari. Kuanzia mwezi wa pili akiba huanza kukauka, na mwaka ambao ufuta haukutoa kitu, mgonjwa mmoja ndani ya nyumba humfikisha mkulima kwa mtu mwenye bakuli. Akiuza kilo kwa shilingi 1,500 ambayo mnadani ingefika 3,000, amepoteza shilingi 1,500. Ushuru wa Halmashauri kwa kilo hiyo hiyo ungekuwa 90. Kwa hesabu hii, kinachokula zaidi kipato cha maskini wa vijijini ni miezi ya kungoja kuliko asilimia ya ushuru, na halmashauri inayotaka kuondoa manung'uniko ingeanzia hapo.

Chombo cha kuanzia kipo. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 baada ya kubainika udhaifu katika usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, na kikundi kisichosajiliwa hakihesabiwi. Mikopo hii haikukusudiwa kulipia chakula cha Februari, na si busara kuichukua kwa ajili hiyo. Lakini kikundi chenye mashine ya kukamua ufuta au bustani ya mboga kando ya mto hupata fedha katika miezi ambayo korosho hazina kitu.

Kwa mtumishi wa Serikali aliyeko Chiola mambo ni tofauti kidogo. Yeye hana ushuru wa mazao, isipokuwa kama analima, na wengi wanalima. Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, na Mei Mosi 2025 ikatangazwa kwamba kingetoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Wenye maduka husikia matangazo hayo siku moja na watumishi. Mwanakijiji asiye na mshahara hulipa bei mpya bila kupata nyongeza, na ndiyo maana wakati mwingine huwatazama watumishi kwa jicho la kando; si chuki, ni hesabu.

Michango ya shule ni kero nyingine itajwayo. Ada ya shule za msingi ilifutwa tangu mwaka 2001, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Januari 2018 Rais alipiga marufuku walimu kuwatoza wanafunzi michango. Mchango wa hiari kwa ujenzi wa darasa au zahanati haukukatazwa, ila hauna budi kuamuliwa na wananchi wenyewe mkutanoni, na mtoto asifukuzwe darasani kwa sababu mzazi wake hajautoa.

Hilo linafikisha kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wengi huuhesabu kuwa mahali pa kutangaziwa tu. Kwa sheria ya mwaka 1982, wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na mkutano hauna budi kuitishwa walau mara moja katika kila miezi mitatu. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji husomwa. Sheria ndogo yoyote ya Halmashauri ya Kijiji inayomtoza mwananchi hupitia kwanza mkutano huo, kisha hupelekwa Halmashauri ya Wilaya kwa idhini. Tozo isiyopita njia hiyo haina nguvu. Anayetozwa kitu sokoni au ghalani ana haki ya kupewa stakabadhi ya mashine, na kuuliza ni sheria ndogo ipi inayotumika. Viongozi wa vijiji walichaguliwa Novemba 2024 na muhula wao ni wa miaka mitano. Mwenyekiti asiyeitisha mkutano katika robo ya mwaka huripotiwa kwa Mtendaji wa Kata, na asiposikilizwa huko, mlalamikaji huandika kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Wilaya, barua moja yenye tarehe, akibakiza nakala.

Kuhusu makato ya korosho, mahali pa kuuliza ni mkutano wa mwaka wa chama cha msingi, ambapo kila kato hutajwa kwa shilingi kwa kilo kabla msimu haujafunguliwa. Mwanachama asiyehudhuria huyasikia makato hayo kwa mara ya kwanza Novemba, siku ya malipo.