Umahususi wa Aina Mbili: Istilahi ya Kingamwili ya Kubainishia Protini ya Ribosomu za Korodani

Makala haya yanajadili neno mahususi, ambalo katika maelezo ya kimaabara hubebeshwa dhana mbili. Mfano wetu ni kingamwili itumiwayo kubainisha RPL39L, protini ya ribosomu inayopatikana hasa katika korodani.

Ribosomu ni mtambo wa seli unaounda protini. Katika seli nyingi za mwili, sehemu mojawapo ya mtambo huo ni RPL39, ambayo jeni yake imo katika kromosomu X. Kromosomu hiyo hunyamazishwa wakati mbegu za kiume zinapoundwa. Jeni ya RPL39L, kwa binadamu, imo katika kromosomu ya 3, hivyo haiguswi na unyamazishaji huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa panya madume wasio na RPL39L hupungukiwa na uwezo wa kuzalisha.

Protini hizi mbili zina asidi amino 51 kila moja na, kwa binadamu, zinatofautiana katika chache tu. Kwa hiyo ni vigumu kuzitenganisha kwa ukubwa, na kingamwili inayonasa sehemu zinazofanana itazitambua zote mbili. Mtafiti anaweza kuona alama katika sampuli ya ini akadhani ni RPL39L, kumbe ni RPL39.

Kirai “kingamwili mahususi ya korodani” huificha hatari hiyo. Umahususi wa kwanza ni wa mahali: protini imo katika tishu ipi. Wa pili ni wa unasaji: kingamwili inashika protini ipi. Kuthibitika kwa mmoja hakuuthibitishi mwingine.

Tunapendekeza “protini ya korodani” kwa dhana ya mahali, bila kuongeza “pekee”, kwa kuwa RPL39L imeonekana pia katika baadhi ya seli za saratani. Kwa dhana ya unasaji, tunapendekeza “kingamwili bainifu”, kwa kufuata “sifa bainifu” za fonolojia, ambazo hutofautisha sauti zinazokaribiana. Kingamwili iitwe bainifu pale tu isipotoa alama katika tishu ya mnyama aliyeondolewa jeni husika.

Kwa watunga sera, funzo ni kwamba orodha ya visawe haitoshi. Kamati za istilahi ziwashirikishe wanamaabara, na kila istilahi iambatane na kipimo cha matumizi yake.