Siku mbili Bendera: kabla ya kukata miti, kata muhogo wenyewe

Ndugu wanachama wa koperative, mara nyingi tunawaandikia tukitoka kwenye mkutano ao kwenye shamba la mfano. Safari hii tunaandika mambo tuliyoyaona jikoni kwa mama mmoja.

Ilikuwa siku ya Ijumaa, mwezi wa 11. Tulikuwa tumemaliza kazi na koperative moja ya Bendera, zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya Kalemie. Mvua ilianza saa tisa, na saa kumi na moja ilikuwa ingali inapiga. Wenye pikipiki waliangalia barabara, wakazima moteri. Mwandikaji wa koperative, mama kijana tuliyejuana naye asubuhi ile tu, akatucheka: “Munaenda wapi na hii matope? Kujeni kwetu. Siku ya posho tunaenda shamba, siku ya Mungu munapumzika. Kalemie haitakimbia.”

Hivi tukalala kwao, bila programu na bila fomu ya kujaza. Usiku tulisikia maji ya mto Kiymbi kwa mbali. Ni maji hayo yanayozungusha mashine za umeme wa Kalemie, lakini kwa nyumba ile tulikula bukari, sombe na ndakala kwa mwanga wa taa ndogo ya sola. Sombe ilipikwa na mawese ya michikichi yao wenyewe. Tulijaza tumbo, na hatukuona haya kuongeza.

Siku ya posho tulitoka mapema pamoja na mama mzazi wa rafiki yetu. Tulitembea karibu saa mbili kwa miguu. Njiani tulimwona muhogo mzuri sana: majani mapana, kijani safi, hakuna mosaiki. Tukajisifu kidogo. Ni aina ile ile tuliyogawia wakulima miaka miwili mbele, tukiwaambia kwamba inavumilia mosaiki. Mama alinyamaza. Tukafikiri amechoka na mlima.

Kumbe alikuwa anangoja tufike. Alichimba shina moja, akakaa chini, akakata muhogo vipande vipande na kisu chake. Ndani kulikuwa madoa ya rangi ya kahawia, makavu na magumu kama gamba la mti. Karibu nusu ya muhogo ilikuwa ya kutupa. Akatuambia kwa upole: “Bana bangu, nyinyi munaangalia majani. Sisi tunakula mizizi.”

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulikuwa tumepita kwa shamba zile mara nyingi, tumehesabu mashina, tumeandika “hali nzuri”. Hakuna siku tuliyokaa na wamama wakati wanamenya. Mama alisema amekuwa anaona madoa hayo tangu mavuno ya kwanza, lakini kwenye mkutano wanasema wanaume, na yeye hakuulizwa.

Dalili tulizoona ni za ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Kwa kuhakikisha kabisa inafaa maabara, lakini mkulima asingoje maabara ndipo ajikinge. Ugonjwa huu si mpya: ulielezwa Tanganyika, Tanzania ya leo, katika miaka ya 1930. Kwa muda mrefu ulikaa zaidi kwenye nchi za chini karibu na pwani. Kuanzia miaka ya 2000 ulionekana Uganda, kisha nchi nyingine za bara, na Kongo mashariki pia. Unapita kwa njia mbili: inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani, na miti ya kupanda inayotoka kwa shina lenye ugonjwa. Aina inayoshinda mosaiki inaweza kushindwa na huu. Hapo ndipo kosa letu lilikuwa: tulisema “aina nzuri”, hatukusema “nzuri kwa ugonjwa gani”.

Tukamwuliza mama kwa nini hakungoa yote. Mangaribi, karibu na moto, mzee wa nyumba ndiye aliyejibu. Alikuwa mtoto katika vita ya 1965, wakati waasi pamoja na Wakuba wa Che Guevara walipopiga Bendera, mwezi wa 6. “Vita ikikuja,” alisema, “mahindi wanabeba, mbuzi wanabeba. Muhogo unabaki chini, unakungoja.” Tangu siku zile familia imekimbia zaidi ya mara moja, na kila kurudi waliomba miti kwa majirani wa mbali ili waanze tena. Tukaelewa mambo mawili: kwa nini kungoa ni kama kuvunja sanduku la akiba, na namna gani ugonjwa unasafiri pamoja na wakimbizi, ndani ya furushi la miti.

Siku ya Mungu, kisha ibada, tulizunguka shamba pamoja na wamama sita wa jirani. Hatukufundisha peke yetu, tulipatana. Haya ndiyo waliyokubali, na tunawaomba nanyi muyajaribu:

Kabla ya kukata miti ya kupanda, chimba shina hilo, kata mizizi yake mahali pengi. Ukiona doa, miti ile usipande, usimpe jirani.

Shina lenye mosaiki lingolewe mapema, katika miezi mitatu ya kwanza, kungali nafasi ya kupanda lingine safi.

Shamba lenye madoa livunwe mapema, kwa sababu madoa yanaongezeka kadiri muhogo unavyokaa chini. Usingoe yote siku moja: vuna sehemu, panda miti safi mbali na shamba la zamani.

Mtu anayeleta miti kutoka mbali aonyeshe kwanza koperative.

Na koperative iweke angalau mama mmoja katika kamati ya mbegu, yule anayemenya.

Siku ya kwanza barabara ilikuwa imekauka kidogo. Mama alitufungia karanga na chupa ya mawese. Tulipomwuliza tumletee nini tukirudi, alisema: “Kujeni wakati wa kuvuna. Na kila mtu abebe kisu chake.”

Tumeandika hivyo kwenye programu ya mwaka unaokuja.