Sinema na Sisi (Sehemu ya Nne): Mtu Asiyejua Anatazamwa

Faini ya shilingi 1,850,000 iliyotozwa Casa Vera Lounge ya Nairobi Septemba 2023, kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, imenivurugia ratiba. Magari ya sinema ya wakoloni niliyopanga kuyajadili yatasubiri. Leo ni The Truman Show, filamu ya 1998 kuhusu mtu anayetazamwa bila ridhaa yake, na wanaonifahamu hapa Nakuru walijua siku hii ingefika.

Mwandishi Andrew Niccol aliiweka hadithi New York, ikiwa nzito mno. Mwongozaji Peter Weir akamtaka aiandike upya, nyepesi zaidi, wakahamia Seaside, Florida, mji halisi wenye wakazi wake, nyumba zimepakwa rangi laini na mitaa imefagiwa kupita kiasi. Dennis Hopper aliondoka kazi imeshaanza, Ed Harris akaletwa kuigiza Christof, mtayarishaji anayejiona mungu. Jim Carrey ndiye Truman, aliyeasiliwa na kampuni akiwa kichanga na kuonyeshwa kwenye televisheni mchana na usiku bila yeye kujua. Kumbe hata hofu yake ya bahari ilipandwa makusudi: “babake” alizamishwa mbele yake, kwa maigizo, asije akatoroka kisiwa anachoishi.

Itazame tena ile purukushani ya jikoni. Truman amechanganyikiwa, anadai ukweli. Mkewe anainua kakao usawa wa uso, anatabasamu, anaisifia kama tangazo. Truman anamuuliza anazungumza na nani. Anayecheka hapo ajiulize tiketi yake imelipia nini. Weir mwenyewe alitamani kamera ifungwe katika kila ukumbi, filamu ikatizwe, watazamaji wajione wao kwenye skrini. Haikuwezekana, na ni hasara kubwa.

Sisi je? Muuza mahindi stendi ya matatu anarushiwa nyoka wa plastiki, anapiga mayowe, simu inarekodi, matangazo yanaingia. Mwenye simu anavuna, mama haambulii hata bei ya gunzi. Huo ni wizi, hata ukiitwa utani. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mlango wa kulalamika kwa Kamishna wa Data.

Mwezi uleule wa faini ya Casa Vera, Roma School ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi zilizowekwa bila idhini ya wazazi. Walimu wakuu wa Nakuru, someni uamuzi huo kabla ya sherehe za kufunga muhula.