Jina la Mtu na Jina la Ukoo: Mfano wa Mokowe

Makala haya mafupi yanakusudia kueleza tofauti iliyopo baina ya majina kama yatumiwavyo na Waswahili wa Lamu na kama yatakiwavyo na fomu za ofisini. Tumechagua Mokowe kwa kuwa ndipo bara ikutanapo na visiwa: msafiri atokaye Mombasa huteremka hapo na kupanda chombo kwenda Amu, na ofisi za kaunti zipo hapo pia.

Kwa desturi ya Waswahili, mtu ana jina moja tu lililo lake. Yanayofuata ni ya baba na ya babu, nayo huonyesha nasaba. Tuseme mtu aitwa Omar Ali Said. Bintiye ataitwa Fatuma Omar Ali. Jina la mwisho la baba ni Said, na la binti ni Ali. Karani aliyezoea jina la ukoo la Kizungu, lisilobadilika kizazi hata kizazi, aweza kushuku kwamba huyu si mwana wa yule. Na shaka hiyo, ikiingia katika cheti cha kuzaliwa au katika mirathi, humtaabisha mwenye haki. Tena, amwitaye mtu huyu "Bwana Said" huwa amemwita babu yake, ambaye pengine amekwisha kufariki.

Mwanamke aolewapo habadili jina. Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake maarufu mwaka 1858, aliolewa na Bwana Mataka wa Siu. Lakini hata leo hutajwa kwa jina la babake. Neno "Mwana" hapo ni la heshima, wala si jina la kwanza kama orodha ingeweza kudhani.

Kilicho karibu na jina la ukoo ni nisba, kama Nabhany katika jina la mshairi wa Lamu, Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017). Hata hivyo, si kila mtu aandikaye nisba yake.

Wala jambo hili si la Waswahili peke yao. Kwa mila ya Wagikuyu, ambao baadhi yao walihamia Mpeketoni tangu miaka ya 1970, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba: Njoroge wa Kamau humzaa Kamau wa Njoroge. Huko Aisilandi nako wengi hutumia jina la mzazi, si la ukoo.

Kwa kumalizia, fomu ingefaa iulize jina la mtu, la baba, la babu, na nisba kama ipo. Nasi wanazuoni tujisahihishe: kumweka Muyaka bin Haji chini ya "Haji" katika orodha ya vitabu ni kumwandika baba mahali pa mtunzi.