Mtoto Apimwa Elimu au Apimwa Kiingereza?

Mwalimu wa chuo akitaka kujua kama mtoto amezifahamu faradhi 6 za udhu, humwuliza kwa Kiswahili. Vitabu vya fikihi asili yake ni Kiarabu, nacho Kiarabu twakifundisha, tena twakipenda. Lakini hatujapata kumwona mwalimu mwenye busara amwambiaye mtoto wa miaka 10 azieleze faradhi hizo kwa Kiarabu, na akishindwa kusema amhesabu kuwa hajui kutawadha. Yawezekana mtoto huyo hutawadha vizuri kuliko baba yake. Alichokikosa ni lugha, wala si udhu.

Jambo hili ni jepesi kulifahamu katika baraza ya chuo. Katika shule za sekondari za nchi yetu limekuwa zito, nalo ndilo tupendalo kuzungumza mwezi huu na wazee wa watoto, na vijana wenyewe.

Wasomaji wetu wajua kwamba tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Sisi tulio na miaka 50 na zaidi tulisoma hesabu, sayansi na jiografia kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, na ingawa wengi wetu hatukwenda mbele, tuliyoyasoma tuliyafahamu. Mtoto wa leo akifaulu darasa la saba huingia Kidato cha Kwanza, na hapo masomo yote isipokuwa machache hugeuka kuwa ya Kiingereza. Baada ya miaka miwili hukaa katika Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, na baada ya minne katika mtihani wa Kidato cha Nne, nayo yote ni kwa lugha hiyo.

Tutwae mfano wa hapa kwetu Mahege, wilaya ya Kibiti. Delta ya Rufiji ina karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Mtoto wa huku aujua mchu tangu hajaanza shule. Ajua kuwa vijiti vinavyochomoza topeni kuuzunguka mti ule si miche, bali ni mizizi yake, na ukimwuliza sababu atakwambia kuwa tope limejaa maji, basi mti hupandisha mizizi juu ili uvute hewa. Jawabu hilo ni sahihi, na mwalimu wa biolojia hana la kuongeza ila istilahi. Sasa tuseme swali hilo hilo limwjie katika karatasi ya Kiingereza, na neno la Kiingereza la mkoko hajapata kulisikia. Ataiacha nafasi tupu. Msahihishaji aliye mbali ataona nafasi tupu, naye hatamjua mtoto yule wala tope lile, ataandika sifuri. Tumlaumu msahihishaji? La. Karatasi haikumpa njia ya kujua.

Haya si maneno ya barazani tu. Kati ya mwaka 2007 na 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza, pamoja na wenzao wa Zanzibar, waliuchunguza mtihani wa Kidato cha Pili wa Visiwani, ambao wakati ule ndio uliokuwa ukiamua nani aendelee na masomo na nani arudi nyumbani. Waliyatwaa maswali ya mtihani, mengine wakayaandika upya kwa Kiingereza chepesi, mengine kwa Kiswahili, kisha wakakaa na wanafunzi na kuwahoji kwa mdomo. Walikuwapo watoto walioacha nafasi tupu katika karatasi, na walipoulizwa kwa Kiswahili wakaeleza. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Bibi Halima Mwinsheikhe alilinganisha wanafunzi waliofundishwa biolojia kwa Kiingereza na waliofundishwa kwa Kiswahili, naye akaona wa Kiswahili wamefanya vizuri zaidi.

Labda msomaji atasema: mtihani wa taifa hauwezi kuandikwa kwa lugha mbili, italeta gharama na fujo. Tungekubali, lau kuwa serikali yenyewe haifanyi hivyo kila mwaka. Mtihani wa darasa la saba hutolewa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia, kwa ajili ya watoto wa shule zinazofundisha kwa Kiingereza, ambazo nyingi ni za kulipia. Mwaka 2023 watahiniwa walikuwa zaidi ya 1,300,000, na katika kila 100 yapata 5 tu walifanya kwa Kiingereza. Kwa ajili ya hao wachache karatasi hutafsiriwa, na sisi twasema ni haki yao, kwani mtoto apimwe kwa lugha aliyosomeshwa. Lakini anapofika sekondari mtoto wa Mahege, aliyesomeshwa kwa Kiswahili miaka 7, hana karatasi ya pili. Mlango huo huo uliofunguliwa kwa wachache umefungwa kwa wengi, na hilo ndilo linalotutia uchungu.

Nchi nyingine zimelitazama jambo hili kwa wageni wao, seuze kwa wenyeji. Marekani iliweka sheria mwaka 2002 kwamba mtoto asiyejua bado Kiingereza apimwe, kadiri iwezekanavyo, kwa lugha na namna itakayoonyesha kweli anachokijua katika somo. Katika jimbo la New York mitihani ya sekondari imetafsiriwa kwa Kihispania, Kichina, Kirusi, Kikorea na lugha ya watu wa Haiti. Na mwanafunzi ambaye lugha yake haimo huongezewa muda, akaruhusiwa na kamusi yenye neno kwa neno, isiyo na maelezo, ili isimfanyie mtihani.

Hata hivyo yatupasa tuseme kweli yote. Tafsiri si dawa ya kila ugonjwa. Mtoto aliyefundishwa umeme miaka minne kwa Kiingereza, akahifadhi maneno ya ubaoni kama kasuku, ukimpa karatasi ya Kiswahili siku ya mtihani huenda asipate kitu, maana hata istilahi za Kiswahili za somo lile hakufundishwa. Tafsiri humfaa yule aliyefahamu jambo kwa lugha ile. Ndiyo sababu wataalamu kama Jamal Abedi wa California wamekazania pia kurahisisha maneno ya swali: sentensi ziwe fupi, maneno yasiyo ya somo yawe ya kawaida, na kinachopimwa kisiguswe. Hilo halitaki mfasiri wala karatasi ya pili, lataka mtunga maswali mwenye huruma.

Wala tusidhani kuwa lugha ndiyo sababu pekee ya watoto kuanguka. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012 watahiniwa zaidi ya 240,000, yaani 6 katika kila 10, walipata sifuri, hata matokeo yakafutwa na kupangwa upya mwaka 2013. Upungufu wa walimu na vitabu ulikuwa na sehemu yake, na katika shule za vijijini kama hizi zetu bado unayo.

Shauri la kubadili lugha ni la zamani. Tume ya Rais iliyoongozwa na Bwana Jackson Makweta ilishauri mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985, serikali haikukubali. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walikuja kupima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakikuta hakitoshi kusomea. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikatamka Kiswahili kwa ngazi zote, halafu toleo lake la mwaka 2023 likakibakiza Kiingereza sekondari. Miaka 40 na zaidi twaenda mbele hatua moja na nyuma moja. Hata hivyo kuna dalili njema: somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoanza mwaka 2024, hufundishwa kwa Kiswahili sekondari, na mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu wa Kidato cha Nne ni wa Kiswahili. Hatujasikia kuwa elimu imeshuka daraja kwa sababu hiyo. Na asemaye kuwa maneno ya sayansi hayapo, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990.

Twajua wazee wengi hawapendi kusikia haya. Husema, mwanangu asome Kiingereza apate kazi. Nasi twasema asome, tena kwa bidii, kama somo, kwa mwalimu akijuaye. Kukijua Kiingereza ni jambo jema. Kuifanya biolojia iwe mtihani wa Kiingereza ni jambo jingine.

Wakati wakubwa wanaendelea kushauriana, nyumba zetu zina la kufanya. Mzazi asiyejua Kiingereza asidhani kuwa hana msaada. Jioni, mtoto akiisha kudurusu, amwambie amweleze kwa Kiswahili alichosoma: damu huzungukaje, mvua hutokaje. Akikwama, basi alihifadhi tu, na amwulize mwalimu wake kesho. Akieleza vema, aandike katika daftari neno la Kiswahili upande mmoja na la Kiingereza upande wa pili, maneno 5 kwa siku. Na mkutano wa wazazi ukiitishwa, mtu mmoja ainuke aulize kwa adabu kama mitihani ya majaribio ya shule yaweza kuandikwa kwa maneno mepesi, na istilahi ngumu ziwekewe Kiswahili chake pembeni.