Kabla hujatuma ‘pesa ya viza’, uliza jina la ofisi

Tangazo lenyewe unalijua. Limeingia kwenye simu yako leo asubuhi kutoka kwa mtu aliyetumiwa na mtu. Nafasi 50, Saudia na Qatar. Mayaya, walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli. Chakula na malala juu ya mwajiri. Uzoefu si lazima. Chini kabisa kuna nambari ya simu na neno moja kwa herufi kubwa: HARAKA. Jina la kampuni halimo.

Na wewe uko Kisumu Ndogo, Malindi. (Kwa wasomaji wa mbali: Kisumu hii haina ziwa, ina bahari.) Ni mwezi wa Mei, mvua inanyesha, hoteli kadhaa zimefunga mpaka wageni warudi, na vijana wa bodaboda pale steji ni wengi kuliko abiria. Simcheki mtu anayepiga ile nambari. Kuna waliopiga, wakaenda, wakafanya kazi yao na kurudi na nyumba ya mawe. Hao ndio wanaofanya tangazo liaminike.

Ila ukipiga, anayepokea si ajenti. Hapa ndipo wengi wetu tunapotea njia. Ajenti yuko Nairobi au Mombasa, ana ofisi na cheti ukutani. Wewe unaongea na dalali. Anaweza kuwa mama wa mtaa anayejulikana na kila mtu, au kijana aliyerudi kutoka Dubai na viatu vizuri, au hata binamu yako. Anakuita “mdogo wangu”. Anataka pasipoti, picha, na elfu ishirini “ya kuanzia tu, wallahi wiki mbili viza imetoka”. Yeye atampa mkubwa wake wa Mombasa, mkubwa atampa mtu wa Nairobi, Nairobi itaongea na ofisi ya Riyadh, na Riyadh ndiyo inayomjua mwajiri. Wewe unamjua dalali peke yake.

Sheria zetu kuhusu mashirika ya kuajiri ziliandikwa kwa kuifikiria ofisi. Sheria ya Taasisi za Leba ya 2007 inataka kila shirika la kutafutia watu kazi lisajiliwe. Tangu 2016 tuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile inayoitwa NEA, na huko ndiko mashirika hayo yanakosajiliwa. Orodha yao iko kwenye mtandao wa neaims.go.ke, na kuisoma hakuhitaji pesa wala mtu wa ndani. Tatizo ni kwamba ukilitafuta jina la dalali wako humo hutalipata, manake yeye hajasajiliwa popote. Kwake yeye hilo ni jambo zuri. Mambo yakiharibika, ofisi itasema haimjui, na yeye atasema “mimi nilikuwa nakusaidia tu”.

Kwa hivyo kazi yako ya kwanza, kabla hujatoa hata shilingi ya fotokopi, ni kuitoa hiyo ofisi mafichoni. Mwambie dalali: naomba jina kamili la kampuni inayonipeleka. Si “ofisi yetu”, si jina la mkubwa. Jina la kampuni. Akikupa, lisake kwenye orodha ya NEA herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli wanapenda kuchukua jina la kampuni halali na kuongeza neno moja mbele au nyuma. Angalia pia kama cheti bado kina uhai, kwa maana kampuni iliyosajiliwa miaka mitatu iliyopita si lazima iwe imesajiliwa leo. Kisha itafute nambari ya kampuni mwenyewe, usitumie ile aliyokupa dalali, upige na uulize swali moja: huyu mtu mnamjua? Wakisema ndiyo, waombe waandike. Ujumbe mfupi wa simu unatosha.

Dalali atakasirika, hilo nakuhakikishia. Atakuambia una maswali mengi na nafasi inaenda kwa mwingine. Muache akasirike.

Sasa pesa. Kuna vitu ambavyo kweli utalipa, lakini unailipa serikali moja kwa moja kupitia eCitizen, kwa jina lako. Pasipoti ya kurasa 34 ni Sh7,550 tangu bei zilipopandishwa Machi 2024. Cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi ni Sh1,050. Dalali akikutajia elfu kumi na tano “ya gudi kondakti”, ushajua nyingine zinaenda wapi.

Ada ya kukutafutia kazi ni habari nyingine. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba wake nambari 181 wa mwaka 1997, na kifungu cha 7 kinasema mashirika ya ajira yasimtoze mfanyakazi ada, si waziwazi wala kwa kuzungukazunguka, isipokuwa kwa misamaha michache. Hoja yake ni nyepesi: anayemtaka mfanyakazi ndiye alipe gharama ya kumpata. Kwa mayaya wanaoenda Saudia mambo yanafuata njia hiyo. Mwajiri wa kule huagiza mfanyakazi kupitia mtandao wa serikali yao unaoitwa Musaned, na yeye ndiye hubeba gharama. Dalali wa Kisumu Ndogo akikudai laki moja ya viza kwa kazi ya uyaya Riyadh, huenda anakuuzia kitu ambacho tayari kimelipiwa.

Lakini usiruke kwa furaha. Hiyo “bure” ina bei yake, na dalali haisemi. Mwajiri aliyelipa pesa nyingi kukuleta anajiona amenunua miaka miwili yako. Ukitaka kuondoka mwezi wa tatu kwa sababu hulali au hulipwi, utaambiwa rudisha gharama kwanza. Visa vingi vya dada zetu kufungiwa ndani huko vinaanzia kwenye hesabu hiyo. Machi 2025, gazeti la New York Times liliripoti kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikuwa wamefia Saudia katika kipindi cha miaka mitano. Hao walikwenda kufanya kazi za nyumbani, si vita.

Ndiyo maana karatasi ninayotaka uijue kuliko zote si viza. Ni mkataba wa kazi wa nje.

Mimi si wakili, hata chuo sikumaliza. Lakini sheria za Kenya ziko wazi kwenye tovuti ya Kenya Law, bure, na kusoma najua. Fungua Sheria ya Ajira ya 2007, nenda kifungu cha 83. Kinasema mkataba wa kufanya kazi nje ya Kenya uwe katika muundo uliowekwa, utiwe saini na pande zote, kisha uthibitishwe na afisa wa leba. Afisa wa serikali ya Kenya, akiwa hapa, kabla hujapanda ndege.

Kifungu kinachofuata, cha 84, ndicho kitamu. Afisa huyo hawezi kugonga muhuri hivi hivi. Sharti ajiridhishe kwamba umekubali kwa hiari yako, kwamba hukudanganywa wala kulazimishwa, kwamba masharti umeyaelewa, kwamba una afya ya kufanya hiyo kazi, na kwamba hufungwi na mkataba mwingine. Soma tena hapo kwenye kuelewa. Kama mkataba umeandikwa Kiarabu na Kiingereza kigumu, una haki ya kumwambia afisa: nieleze kwa Kiswahili. Mshahara ni riyali ngapi? (Riyali 1,000 ni kama Sh34,000. Ukiahidiwa Sh80,000 za uyaya, uliza mara mbili.) Siku ya kupumzika ni ipi? Simu nitakaa nayo? Tiketi ya kurudi ni ya nani?

Linganisha na yanayotokea. Msichana anauona mkataba kwa mara ya kwanza usiku, Nairobi, akielekea uwanja wa ndege, kalamu mkononi na gari linanguruma nje. Anaambiwa weka saini hapa, hapa na hapa. Afisa wa leba hajawahi kumwona. Au anapewa viza ya kutalii na kuambiwa “ukifika itabadilishwa”. Mtu aliyeingia nchi ya watu kama mtalii hana mkataba wa kazi wa kuonyesha akidhulumiwa, na hata ubalozi wetu hautajua yuko nyumba gani. Vijana wa Kenya waliookolewa Myanmar mwaka 2022 walikuwa wameahidiwa kazi nzuri Thailand. Walijikuta wamefungiwa kwenye majumba, wakilazimishwa kutapeli watu kwenye intaneti. Na hao walikuwa watu wa kompyuta, waliosoma kunishinda.

Na yule dalali asiye kwenye orodha? Niliposema sheria iliandikwa kwa kuifikiria ofisi, kuna mlango mmoja uliobaki wazi kwa ajili yake. Kifungu cha 86 cha hiyo hiyo Sheria ya Ajira kinamshika mtu yeyote anayeajiri, au anayesaidia huku akijua, ili mtu atoke Kenya kwenda kufanya kazi bila mkataba ule uliothibitishwa. Adhabu ni faini isiyozidi Sh200,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Ndogo, nakubali. Dalali mwenye wateja kumi anazipata Sh200,000 kwa wiki. Lakini kama alikuwa anachukua watu kwa hila ili wakanyonywe, hapo tunaingia Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Watu ya 2010, na huko hakuna mchezo: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua Sh30 milioni, au vyote. Na aliyekula pesa zako kwa kazi ambayo haikuwahi kuwepo, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinampa hadi miaka mitatu kwa kujipatia mali kwa uongo.

Mbona basi madalali wako nje, wanakunywa chai pale kibandani? Kwa sababu ni jirani. Ukienda polisi, mamake atakuja kwa mamako. Wazee wataitwa, mtakalishwa, ataahidi kurudisha kidogo kidogo, na utarudishiwa elfu tatu mara moja, basi. Wakati huo ameshachukua wengine wanane kutoka Maweni na Muyeye. Na serikali nayo haijajisaidia. Mwaka 2014 ilisimamisha kupeleka watu kazi za nyumbani Mashariki ya Kati na kufuta vibali vya mashirika 930. Watu waliacha kwenda? Hapana. Walipitia njia za panya, bila mkataba wala rekodi, mpaka marufuku ikaondolewa 2017. Ukimfungia mtu mwenye njaa mlango wa mbele, unampa dalali biashara ya mlango wa nyuma. Kama NEA ingebandika orodha ya kampuni halali kwenye ukuta wa ofisi ya chifu kila mwezi, karatasi tu na gundi, nadhani ingeokoa watu wengi kuliko hotuba zote ninazozisikia redioni.

Neno moja kwa mnaotafuta kazi hapa hapa nchini, kwa maana utapeli hauhitaji pasipoti. Ukiambiwa umepata kazi hotelini Watamu au bandarini Mombasa, tuma pesa ya fomu, ya sare, ya kipimo cha daktari, jua ofisi ya kweli haikodishi kazi. Na tangu mabadiliko ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022, mwajiri hatakiwi kukudai vile vyeti vya kuonyesha uko safi, kama vya KRA, HELB na polisi, kabla hajakusudia kukupa mkataba wa maandishi. Vyeti vinakuja baada ya kazi, si kabla ya usaili.

Ukishatuma pesa na roho ikakuambia umeingizwa mjini, usikae kuomboleza. Ule ujumbe wa M-Pesa upeleke kwa 456 saa hiyo hiyo. Kama jamaa hajazitoa, zinaweza kuzuiliwa. Kisha usifute chochote: sauti alizokutumia, tangazo, nambari, tarehe. Polisi wakiuliza ushahidi, simu yako ndiyo risiti pekee uliyo nayo. Andikisha na uchukue nambari ya OB. Halafu nenda ofisi ya leba, useme jina la kampuni, kama ulipewa.

Na ukiwa umefanya yote sawasawa na safari ipo, hongera, nenda. Ila pasipoti yako ni mali ya Serikali ya Kenya, si dhamana ya dalali, kwa hivyo usimwachie “akae nayo”. Kabla hujatoka Malindi piga picha mkataba kurasa zote, ukurasa wa pasipoti wenye sura yako, viza, jina na simu ya mwajiri, jina na simu ya ajenti wa hapa na wa kule, na nambari ya ubalozi wetu wa nchi unayokwenda. Zitumie watu wawili nyumbani, si mmoja. Na mmoja wao awe mtu anayeweza kupiga kelele.